Nani Aliyekula Mchicha wa Sabri?

Siku za skuli, ikifika saa sita na robo mchana, Salhiya hupanda ngazi ya nyumba yao ya Mkunazini, mkoba begani na ndugu yake mkononi. Ngazi hiyo ni ya mbao, ndefu, na ina giza hata jua likiwa utosini. Sabri ana miaka minne. Hupanda akihesabu vidato kwa sauti, na akifika cha tisa huanza tena moja, kwa sababu kumi haijui bado.

Mama yao, Bi Jokha, harudi mpaka saa kumi alasiri. Anafanya kazi katika jiko la hoteli moja kule Shangani, na kazi yake ni kukata: mapapai, matango, karoti, mananasi, vyote vya wageni. Baba yao, Haroub, ni fundi wa mashine katika boti ya Pemba, na kwa wiki huonekana nyumbani siku mbili. Kwa hiyo mchana nyumba huwa ni ya Salhiya. Ana miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na ukimuuliza atakwambia kwamba yeye si mtoto.

Kabla ya kwenda kazini, mama huacha hotpoti mbili mezani. Moja ina wali. Ya pili ina mboga, iwe mchicha wa nazi, kisamvu au boga. Pembeni huweka chungwa lililomenywa.

"Mlishe ndugu yako mpaka amalize," husema. "Halafu na wewe ule."

Na kila akirudi, kabla hata hajavua buibui, huuliza: "Sabri kala?"

"Kala, mama," Salhiya hujibu. "Kamaliza."

Sasa mimi sipendi kumsema mtoto wa watu, lakini hadithi hii haiendi bila ya jambo hili kusemwa. Sabri alikuwa hali. Wali alidonoa donoa, lakini mboga hakuigusa.

Mambo yalianza kidogo kidogo. Siku ya kwanza Salhiya alimkalisha mbele ya televisheni, akampakulia sahani yake peke yake, akamtia mchicha mdomoni. Sabri aliutema wote kwenye sare ya skuli ya dada yake.

"Sitaki majani!" alipiga kelele. "Mie si mbuzi!"

Siku ya pili alifumba mdomo, ukawa haufunguki. Siku ya tatu alilia mpaka akakohoa. Salhiya alichoka. Alikuwa na kazi za skuli, na isitoshe, kusema kweli, mchicha hata yeye hakuupenda. Akachukua bakuli la mchicha, akashuka nalo uani, akawamwagia kuku wa Bi Nasima. Kuku walikuja mbio kutoka kila pembe, na kufumba na kufumbua hapakuwa na hata bua lililobaki. Bakuli lilirudi jikoni jeupe pe.

Bi Nasima ni jirani wao wa chini. Ni mama mcheshi, mpenda watoto, na hupika ubuyu wa kuuza, ule mwekundu unaonukia iliki. Akishaumimina ubuyu kwenye sinia upoe, chini ya sufuria hubaki sukari nzito yenye rangi, na watoto wa nyumba nzima wanajua maana yake.

"Njooni mkombe!" huita.

Sabri alikuwa wa mwanzo daima. Alikomba sufuria kwa vidole vyote vitano, kisha akanyamaza kimya mpaka alasiri. Salhiya aliona amepata dawa. Mchicha kwa kuku, sufuria kwa Sabri, na yeye na daftari lake. Akikomba kidogo na yeye, nani atamlaumu? Wiki ikapita, ukapita mwezi, ukaingia wa pili.

Kuku wa Bi Nasima wakanawiri. Mayai yao yakawa na viini vya rangi iliyokoza, utasema vimetiwa manjano. Bi Nasima alikuwa akimpelekea Bi Jokha mawili matatu kila Ijumaa.

"Wallahi Jokha, sijui kuku wangu wanakula nini siku hizi," alisema siku moja. "Hebu tazama kiini hicho!"

"Mashaallah," alisema Bi Jokha, akilivunja yai kwenye kikaango.

Salhiya aliinama akafunga kamba za viatu, na viatu vyenyewe havikuwa na kamba.

Sabri yeye hakunawiri. Midomo yake ilipauka. Chooni alikaa muda mrefu, analia, maana choo kilikuwa kigumu na kinamuumiza. Kwenye ngazi alianza kuhesabu, akifika kidato cha tano anakaa chini, anataka kubebwa. Mama alimpa asali. Alimsomea dua. Jirani mmoja alisema huenda mtoto ametiwa jicho. Salhiya alisikia yote, akajiambia kesho atamlisha kwa nguvu. Kesho ilipofika, kuku walikula.

Ikaja Jumanne moja. Bi Nasima alikuwa amepata watu wengi wa kununua ubuyu, akapika sufuria mbili badala ya moja. Sabri alikomba zote mbili, Salhiya akimsaidia. Kisha Salhiya akamnawisha mikono kwa sabuni, akamfuta mdomo, na mama aliporudi akamkuta mtoto safi. Akamvisha kanzu yake nyeupe aende chuoni kusoma Kurani na dada yake.

Hawajafika mlangoni, Sabri alishika tumbo. Akatapika. Kanzu nyeupe ikawa nyekundu kuanzia kifuani mpaka magotini.

"Ya Rabi! Damu!" alipiga ukelele Bi Jokha. "Mwanangu anatapika damu!"

Salhiya alijua pale pale kwamba si damu. Alitaka kusema. Lakini mama alishambeba mtoto, anashuka ngazi mbio na kanga inaburura, na Bi Nasima alishatoka, na watu wa barazani walishasimama, mmoja anaita gari. Salhiya akaona nitasema tukifika. Na uongo una tabia hiyo: usipoukata ukiwa mfupi, unarefuka ukiutazama.

Hospitali, daktari aliyewapokea alikuwa mama wa makamo, jina lake Daktari Ulfat. Alimlaza Sabri, akambonyeza tumbo, akamfunua kope la chini la jicho akatazama ndani.

"Tumbo gumu," alisema. "Na macho yamepauka, hana damu ya kutosha. Anakula nini huyu?"

"Mchicha, daktari. Boga, kisamvu, chungwa. Kila siku namwekea, na dada yake ndiye anayemlisha. Leo pia kala mchicha, kamaliza."

Daktari alimgeukia Salhiya. "Ndivyo?"

Salhiya alitikisa kichwa kukubali. Hakufungua mdomo.

Daktari alikunja uso. "Hapo ndipo panaponitatiza. Mtoto anayekula mboga za majani kila siku hapungukiwi na damu hivi, wala hapati choo kigumu hivi. Basi kuna damu inayotoka ndani, na leo ndiyo tumeiona. Tumpime damu, tumlaze hapa, na asubuhi tutampitishia mpira wa kutazamia kooni mpaka tumboni tujue panapovuja."

"Mpira? Kooni?" Bi Jokha alimkumbatia Sabri pale kitandani. "Mtoto wa miaka minne?"

"Itabidi, mama. Hatuwezi kuiachia damu."

Muuguzi, kijana mpole aitwaye Abdulhakim, akaja na sindano. Mishipa ya Sabri ilikuwa myembamba. Alichomwa mkono wa kulia, damu haikutoka. Akachomwa wa kushoto.

"Dada!" alilia Sabri. "Dada, waambie waache!"

Hakumwita mama yake. Alimwita dada yake, na mkono mmoja alikuwa ameshaunyoosha kumtafuta.

"Si damu!" alisema kwa nguvu, mpaka Abdulhakim akasita. "Si damu, daktari. Ni ubuyu. Alikomba sufuria ya ubuyu, sufuria mbili."

Chumba kizima kilimtazama.

"Salhiya," mama alisema polepole, "unasema nini?"

Daktari Ulfat alimsogelea. "Toa ulimi."

Salhiya alitoa ulimi. Ulikuwa mwekundu mpaka ncha.

"Alaa," alisema daktari. "Ndiyo maana hukutaka kuzungumza. Na mchicha?"

"Hajala. Hajala leo, wala jana, wala..." Machozi yalimtoka. "Nilikuwa nawapa kuku wa Bi Nasima. Tangu Mfungo Mosi, mara tu baada ya Ramadhani."

Bi Jokha hakumpiga wala hakumtukana. Aligeuza tu uso wake kwa Sabri. Salhiya angependa zaidi apigwe.

Waliipima ile kanzu, na kweli haikuwa na damu hata tone, ni sukari na rangi tu. Habari ya mpira ikafutwa. Lakini upungufu wa damu ulikuwa wa kweli, na choo kigumu kilikuwa cha kweli. Daktari alimwandikia Sabri dawa ya kuongeza damu, kisha akaweka kalamu chini.

"Dawa hii itamsaidia, lakini peke yake haitoshi," alisema. "Ale mchicha, kisamvu, maharage, samaki. Ale na chungwa, linausaidia mwili kuipokea nguvu ya mchicha. Akitaka kitu cha kutafuna mchana, mpeni tango, karoti, ndizi, embe. Ubuyu wenyewe hauna ubaya, ukiwa mweupe bila ya sukari na rangi. Rudini baada ya wiki sita. Damu ikiwa haijapanda, nitamlaza."

Walipokuwa wakitoka, Abdulhakim alimuuliza Salhiya kwa sauti ya chini: "Na wewe, bibiye, mchicha unakula?"

"Siupendi."

"Sasa yeye kuupenda atajifunza kwa nani?"

Salhiya alirudi na swali hilo nyumbani.

Kwenye ngazi ya nyumbani, jua linatua, mama ndipo aliposema. "Salhiya, walikuwa wampitishie mwanangu mpira kooni kwa sababu ya neno lako. Mie nimemwamini daktari, daktari kaniamini mie, na mie nimekuamini wewe. Unaona ulivyotuzungusha sote?"

"Nisamehe, mama."

"Kusamehe nshakusamehe. Kukuamini, hilo bado."

Tangu siku hiyo Sabri akawa analishwa na Bi Nasima, ambaye naye alikuwa na uchungu wake. "Mie najua nawafurahisha watoto, kumbe nawaua!" alisema, akajipiga paja. Sufuria za ubuyu aliziroweka maji pale pale akimaliza. Lakini Bi Nasima hakufua dafu kwa Sabri. Alimbembeleza, alimtisha kwa paka, alimwimbia. Mtoto alifumba mdomo kama kombe la baharini. Wiki ya kwanza ikaisha, mchicha ukiingia vijiko viwili na kutoka kimoja.

Salhiya alikuwa akitazama kutoka upande wa pili wa chumba. Alifikiri swali la Abdulhakim, na akafikiri jambo jingine. Nyumbani kwao, usiku, watu hukaa mkekani wakala sinia moja, kila mtu mbele yake. Kuvusha mkono kwenda upande wa mwenzio ni utovu wa adabu. Usiku Sabri huwa ameshalala. Ila Ijumaa mchana, baba akiwepo, Sabri hukaa katikati yao, na hapo ni vita, kwa sababu chakula cha mbele yake hakitaki hata kidogo. Anachokitaka ni kilicho mbele ya baba. Kila Ijumaa huambiwa, "Sabri! Kula mbele yako!" na kila Ijumaa hasikii.

"Na mie nilikuwa namlisha peke yake, kwenye sahani yake, kama mgonjwa," Salhiya alijisemea.

Jumamosi hiyo mama alikuwa na ruhusa kazini; Salhiya alimwendea jikoni. "Mama, naomba nimlishe Sabri leo. Wewe ukae hapo hapo unione."

Bi Jokha alimwangalia. "Haya. Tutaona."

Salhiya alizima televisheni. Akatandika mkeka, akapakua wali kwenye sinia moja, samaki wa kukaanga katikati. Mchicha wote akauweka upande wake yeye. Upande wa Sabri hakuweka hata jani.

"Bismillahi," akasema, akakata tonge, akalichovya kwenye mchicha, akalitia mdomoni. Alilitafuna polepole. Kwa kweli alitarajia kukirihika. Lakini ulikuwa na nazi nzito na kitunguu, na yeye alikuwa na njaa. Akakata tonge la pili bila ya kujilazimisha.

Sabri alitazama upande wake, akatazama upande wa dada yake.

"Mbona mie sina?"

"Wewe si umesema hutaki majani? Kula mbele yako."

Sabri alikula wali kidogo. Mkono wake ukaanza safari. Ukafika kwa samaki, ukapumzika, ukavuka.

"Sabri! Kula mbele yako!"

Kichwa kilikuwa kimeinama, lakini mdomo ulikuwa ukitafuna, na kwenye kidevu palining'inia jani moja la mchicha. Kule jikoni, Bi Jokha aliziba kicheko kwa ncha ya kanga yake.

Sitaki kukudanganya, msomaji, kwamba mambo yalinyooka siku hiyo hiyo. Siku ya pili Sabri alikula tonge tatu. Siku ya tatu alikataa kabisa, na mama aliporudi kazini akauliza kama zamani: "Sabri kala?"

Salhiya aliweka daftari chini. "Leo hakula, mama. Kala wali na nusu chungwa. Mchicha kakataa, umo ndani ya hotpoti."

Bi Jokha alifunua hotpoti, akatazama, akafunika. "Ahsante kwa kuniambia," alisema. Jioni aliupasha moto, wakaula wao wawili, na Sabri akaja mwenyewe kuona wanakula nini.

Taratibu mtoto akazoea. Mchana, baada ya skuli, Salhiya alimpa tango na kisu cha plastiki alikate mwenyewe, maana mtoto hukithamini alichokiandaa mwenyewe. Alikata vipande vibaya vibaya, akanyunyiza ndimu, akawauzia dada yake na Bi Nasima kwa majani ya mwembe, ndiyo pesa za mchezo wake. Kilichobaki alikila yeye. Bi Nasima alimwekea ubuyu mweupe kwenye kikopo, akawa anaumumunya mbegu moja moja. Na Salhiya, bila ya kutangaza, akawa anakula mchicha hata siku ambazo Sabri hakuwa akimtazama.

Wiki sita zilipotimia walirudi hospitali. Abdulhakim alimchoma Sabri mara moja tu. Daktari Ulfat alisoma karatasi, akamfunua mtoto kope, akatabasamu. "Damu imepanda. Vizuri sana. Na choo?"

"Hakimuumizi tena, alhamdulillahi," alisema Bi Jokha.

"Amekula nini wiki hii?"

Bi Jokha alifungua mdomo, kisha akaufunga. Akaweka mkono begani kwa binti yake.

"Muulize dada yake, daktari," alisema. "Yeye ndiye anayejua."

Salhiya akaeleza siku kwa siku: mchicha siku nne, kisamvu siku moja, maharage, samaki, machungwa. "Na Alkhamisi kulikuwa na harusi," aliongeza, "akala ubuyu mwekundu, na visheti vitatu. Na mie nilikula."

Daktari alicheka, akaandika yote, hata visheti.

"Sikiliza, Salhiya," alisema. "Mie nimesoma miaka mingi, lakini tumbo la mtoto mdogo halizungumzi. Linazungumza kwa mdomo wa anayemlisha. Mdomo huo ukisema uongo, mie na vipimo vyangu vyote tunapotea njia, na anayeumia ni mtoto. Leo umenambia mazuri na mabaya, na yote mawili yamenisaidia. Na chakula, mtoto hali anachoambiwa ale. Anakula anachowaona wenzake wanakula. Endelea hivyo hivyo."

Walirudi kwa miguu. Chini ya nyumba, Bi Nasima alikuwa amesimama uani, yai lililovunjwa ndani ya bakuli, uso umejaa huzuni.

"Jokha, hebu njoo uone! Viini vyangu vimepauka. Vyeupe vyeupe, havina hata rangi. Sijui kuku wangu wamepatwa na nini."

Bi Jokha alitazama bakuli. Akamtazama Sabri, ambaye alishaanza kupanda ngazi peke yake, anahesabu kwa sauti: saba, nane, tisa, kumi.

"Viache vipauke, Nasima," alisema. "Bora viini vya mayai kuliko mwanangu."